Paa la serikali, chakula cha wahamaji

Mtoto aliyezaliwa Misiera, kijiji kimojawapo cha makazi ya wakimbizi ya Nakivale kusini-magharibi mwa Uganda, analijua soko tangu akiwa mgongoni mwa mama. Soko analolijua ni la jua na vumbi: miti imesimikwa, turubai limefungwa juu, nyanya zimepangwa mafungu juu ya gunia, na muuzaji ameketi kando ya bidhaa yake. Siku anapopelekwa Mbarara, mwendo wa kilomita 60 hivi, akaingizwa kwa mara ya kwanza katika soko kuu lenye ghorofa, ngazi na vizimba vilivyopangwa safu kwa safu, maswali hayaishi. Nani alijenga nyumba kubwa namna hii kwa ajili ya vitunguu? Kwa nini nyama ina upande wake na samaki upande wake? Ndizi zote hizi zimetoka wapi?

Ni maswali ya historia, na yana majibu. Majibu hayo yako katika vitu viwili ambavyo mtoto anaviona kwa macho yake: paa lililo juu ya kichwa chake na chakula kilicho mbele yake mezani. Paa lilijengwa na serikali. Chakula kililetwa na watu waliohama. Mzazi anayezijua habari za vitu hivyo viwili anaweza kumtembeza mtoto kwa saa mbili tu, na mtoto akatoka amepita karne tano za Afrika Mashariki.

Kabla ya paa

Biashara ya chakula katika nchi ya Ankole ni ya kale kuliko jengo lolote la Mbarara. Chumvi ilitoka Katwe, kwenye ziwa dogo la kreta karibu na milima ya Rwenzori, ikasafirishwa kwa miguu na kwa mitumbwi hadi Ankole, Buganda na Rwanda. Wafugaji wa Kihima walikuwa na maziwa, samli na ngozi. Wakulima wa Kiiru walikuwa na ulezi, pombe, vyungu na majembe ya chuma. Kila upande ulihitaji cha mwenzake, na kubadilishana huko ndiko kulikolisha nchi kwa vizazi vingi kabla ya sarafu ya kwanza kufika.

Ushahidi wa biashara hiyo bado unaliwa. Eshabwe, mchuzi mweupe wa Ankole unaoandaliwa kwa wageni na kwa sherehe, hutengenezwa kwa samli isiyopikwa, chumvi na maji ya magadi, kisha huliwa na ugali wa ulezi. Samli ni ya mfugaji, ulezi ni wa mkulima, chumvi ni ya msafiri. Mtoto akionyeshwa bakuli moja la eshabwe ameonyeshwa uchumi mzima wa Ankole ya zamani.

Waingereza walipotiliana saini na watawala wa Ankole mkataba wa mwaka 1901, Mbarara ilikwisha anza kuwa makao ya utawala wao. Nyuma ya maofisa walikuja wenye maduka, wengi wao Wahindi waliopanda kutoka pwani, wakileta vitambaa, mafuta ya taa, sukari na unga wa ngano. Mji ukakua kuzunguka ofisi, kambi na mtaa wa maduka.

Mzazi anayetaka kuwaonyesha wanawe majengo ya soko ya enzi hizo hapo Mbarara atapata shida, na sababu yenyewe ni historia. Februari 1979, katika vita vya Kagera, majeshi ya Tanzania yaliingia Mbarara, na sehemu kubwa ya mji ikabomolewa. Soko kuu lililopo sasa ni la juzi: limejengwa upya katika mpango wa serikali ya Uganda wa kuboresha masoko, kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika. Mpango huohuo ndio uliozipa majengo mapya ya soko Mbale, Gulu, Lira, Jinja, Hoima, Arua, Masaka na miji mingine. Atakayetaka kujua fikra ya kuweka chakula chote cha mji chini ya paa moja ilianzia wapi katika eneo letu, hana budi kuifuata njia waliyopanda nayo wenye maduka, akateremka hadi pwani.

Kutoka Darajani hadi Kariakoo

Mwaka 1904, enzi za Sultan Ali bin Hamud, Unguja ilipata jengo la soko ambalo bado linafanya kazi hadi leo: Darajani. Lilisanifiwa na mhandisi wa Kiparsi aliyeitumikia serikali ya Zanzibar, Bomanjee, likapewa jina la Estella. Wenyeji hawakulitumia jina hilo kwa muda mrefu. Waliliita kwa daraja lililokuwa jirani, juu ya mkono wa bahari uliotenganisha Mji Mkongwe na Ng'ambo, mkono ambao baadaye ulifukiwa. Mahali penyewe palichaguliwa kwa akili. Upande mmoja waliishi matajiri wa majumba ya mawe, upande wa pili wavuvi, wachukuzi na mafundi wa vibanda vya makuti, na wote walihitaji samaki. Ukumbi wa Darajani ni mrefu, una matao pembeni, na ndani yake nyama, samaki na kuku kila kimoja kina sehemu yake. Samaki wakubwa huuzwa kwa mnada: dalali anataja bei, wanunuzi wanaipandisha, na mtoto aliyesimama pembeni anajifunza hesabu bila ubao.

Mombasa ilifuata mwaka 1914 kwa jengo lililoitwa MacKinnon Market. Watu wa Mombasa nao wakalichukua na kulipa jina lao, Marikiti, na mpaka leo anayetafuta mboga, matunda na viungo mjini huelekezwa Marikiti.

Haraka hii ya kujenga masoko haikutokana na mapenzi ya serikali za kikoloni kwa wachuuzi. Ilitokana zaidi na hofu mbili: hofu ya maradhi, na hofu ya kukosa ushuru. Nairobi ni mfano. Mwaka 1902 tauni ilizuka katika mtaa wa maduka ya Wahindi, na maofisa wakaamuru mtaa huo uchomwe moto. Miaka miwili baadaye A. M. Jeevanjee, mfanyabiashara mkubwa aliyekuwa ameipatia reli ya Uganda vibarua na vyakula, akaujengea mji soko lake la kwanza la manispaa. Sakafu ya saruji huoshwa, mfereji hupitisha maji machafu, nyama hukaguliwa na bwana afya, na mlango mmoja au miwili humrahisishia mtoza ushuru kazi yake. Hapo ndipo penye jibu la swali la mtoto kuhusu nyama na samaki kukaa mbalimbali. Serikali ilitaka kujua nini kinauzwa wapi, na kama kimeoza nani aulizwe.

Jengo la soko la Nairobi lililopo sasa, lenye ukumbi mrefu wa kwenda juu na madirisha yanayoteremsha mwanga, ni la miaka ya 1930. Liko kwenye Barabara ya Muindi Mbingu. Mbingu ndiye aliyewaongoza Wakamba mwaka 1938 kupinga amri ya serikali ya kuwapunguzia ng'ombe kwa nguvu, wakaandamana kutoka Ukambani hadi Nairobi. Mtoto anayepita vizimba vya nyama kisha akatoka nje akasoma jina la barabara, anakutana na watu waliokataa kuamuliwa bei na idadi ya mifugo yao.

Kampala ilikuwa na soko lililohamishwa zaidi ya mara moja kabla ya kutua chini ya kilima cha Nakasero mwaka 1927. Hadi leo Nakasero ina ukumbi wake wa zamani na uwanja wa matunda na mboga unaofurika hadi barabarani. Msimu wa panzi unapofika, hasa Novemba, nsenene hupimwa hapo kwa kikombe, wengine wabichi waliokwisha kunyonyolewa mabawa, wengine wamekaangwa kwa kitunguu. Hakuna mtoto anayepita meza hiyo bila kusimama.

Dar es Salaam ina habari ndefu kuliko zote. Wajerumani walikuwa wamejenga banda kubwa la chuma kwa ajili ya maonyesho ya kumsherehekea mfalme wao, lakini Vita Kuu ya mwaka 1914 ikafika kabla ya sherehe. Waingereza walipouteka mji, eneo hilo likawa kambi ya wapagazi, wale Waafrika waliobebeshwa risasi, unga na mizinga kufuata majeshi porini, na waliokufa kwa makumi ya maelfu, wengi wao kwa njaa na maradhi kuliko kwa risasi. Kikosi chao kiliitwa Carrier Corps, na ndimo lilimotoka jina Kariakoo. Mwaka 1923 banda lile likafanywa soko. Kwa miaka 50 hivi, Dar es Salaam ilinunua ndizi na nazi mahali pale pale walipolala watu waliobeba mizigo ya vita visivyokuwa vyao.

Baada ya uhuru, mji ukawa mkubwa kuliko banda. Kazi ya kusanifu soko jipya alipewa Mtanzania, Beda Amuli, mmoja wa wasanifu majengo Waafrika wa kwanza katika Afrika Mashariki. Amuli aliwatazama wachuuzi kwanza. Aliona kwamba mchuuzi wa Kiafrika huuzia kivulini, chini ya mti au chini ya mwavuli, akajenga miavuli ya zege: nguzo nene zinazochanua juu kama uyoga uliopinduliwa, zikikinga jua na kukusanya maji ya mvua, huku hewa ikipita katikati. Chini ya ardhi aliweka sakafu ya biashara ya jumla. Rais Nyerere alilifungua jengo hilo tarehe 8 Desemba 1975. Usiku wa tarehe 10 Julai 2021 moto uliteketeza sehemu yake kubwa, na serikali ikalazimika kulikarabati na kujenga jengo jingine pembeni.

Darajani lilijengwa na sultani chini ya ulinzi wa Mwingereza, Marikiti na Nakasero na wakoloni, Kariakoo na taifa changa lililotaka kuonyesha kwamba linaweza. Mbarara imejengewa na serikali iliyokopa benki. Kila paa linaeleza nani alikuwa na nguvu siku lilipoinuliwa.

Mezani hakuna mwenyeji wa pekee

Chakula kinaeleza habari nyingine, na kwa mtoto wa Misiera habari hii ndiyo yenye uzito zaidi.

Mzazi na mtoto waanze na ndizi, kwa kuwa Mbarara ni mji wa matoke, yaani ndizi za kupika. Mikungu imelazwa chini kwa safu, kijani kibichi, na mnunuzi mzoefu huikagua kwa kubana ncha ya ndizi kwa vidole na kutazama kama vichane vimejaa. Zao hili linaloonekana kuwa roho ya Uganda asili yake ni kusini-mashariki mwa Asia. Liliwasili Afrika kwa njia ya Bahari ya Hindi, likapanda hadi Maziwa Makuu, na wakulima wa huku wakalizalisha aina kwa aina kiasi kwamba ndizi nyingi za kupika za nyanda hizi hazipatikani kwingine duniani. Ankole yenyewe ilikuwa zaidi nchi ya ng'ombe na ulezi. Matoke yalienea huku kwa wingi katika karne ya 20, hasa kuanzia miaka ya katikati, mashamba ya Uganda ya kati yalipoanza kuchoka. Leo Isingiro, wilaya ambayo Nakivale imo ndani yake, ni miongoni mwa wilaya zinazoongoza kwa matoke nchini.

Pembeni mwa ndizi kuna muhogo. Huo ulitoka Brazil, ukaletwa na Wareno hadi mlango wa mto Kongo katika karne ya 16, ukaingia bara kijiji kwa kijiji. Wakongo waliupokea mzizi wakaufanya fufu, wakapokea na majani wakayatwanga yakawa sombe. Mahindi ni ya bara lilelile la Amerika. Maharagwe ni ya huko. Viazi vitamu, viazi mviringo, nyanya, pilipili, karanga, nanasi na parachichi ni vya huko pia. Kabla ya merikebu za Wareno kufika pwani ya Afrika Mashariki mwaka 1498, hakuna mama yeyote wa Ankole, wa Kivu wala wa Bujumbura aliyekuwa amewahi kuona nyanya.

Kazi nzuri ya kumpa mtoto hapo ni kutafuta kinyume chake: vyakula ambavyo asili yake ni Afrika. Atavipata akitafuta. Ulezi upo, mwekundu na mdogo kama mchanga. Mtama upo. Kunde zipo. Mawese yapo kwenye chupa, mekundu, na wauzaji wake mara nyingi wanajua Kiswahili cha Kongo. Kahawa ya robusta ni ya misitu ya ukanda huu. Atashangaa kuona jinsi wenyeji hao walivyo wachache.

Kisha samaki. Sangara, ambaye Waganda humwita mputa, hakuwamo katika Ziwa Victoria hadi alipopandikizwa miaka ya 1950. Alikula samaki wa asili wengi wakatoweka, kisha akageuka kuwa biashara ya viwanda na ya kusafirishwa nje. Mukene, dagaa wa Ziwa Victoria, ni mwenyeji halisi, na gunia lake kavu hunusika kabla ya kuonekana. Wazazi waliotoka Kivu watawakumbuka sambaza, wale samaki wadogo wa fedha wanaokaangwa na kuliwa kwa ugali huko Goma na Bukavu. Hata sambaza walihamia. Ziwa Kivu lilikuwa na samaki wachache, na kati ya 1958 na 1960 ndipo vifaranga vya sambaza vilipochukuliwa kutoka Ziwa Tanganyika, vikasafirishwa na kumwagwa Kivu. Baadaye wakaenea ziwa zima. Leo hakuna mtu wa Bukavu anayewaita wageni.

Miaka hiyohiyo ndiyo iliyozaa Nakivale.

Mwaka 1959 machafuko ya Rwanda yaliwasukuma Watutsi kwa maelfu kuvuka mpaka, na Uganda ikawatengea ardhi kando ya Ziwa Nakivale. Makazi yakatambuliwa rasmi mwaka 1960, na ni kati ya makazi ya wakimbizi ya zamani kabisa barani Afrika. Mwaka 1982, wakati wa serikali ya Rais Milton Obote, watu wenye asili ya Rwanda walifukuzwa katika vijiji vya Ankole, wengi wao wakakimbilia Nakivale, wengine wakavuka mpaka. Baadaye wakaja Wanyarwanda wengine wa mauaji ya kimbari ya 1994, wakaja Wakongo wa vita vya tangu 1996, wakaja Wasomali, Waethiopia, Waeritrea, na Warundi wa machafuko ya 2015. Kila kundi lilikuja na namna yake ya kupika. Kwa Wasomali tambi ni chakula cha kila siku, urithi wa miaka waliyotawaliwa na Italia, na chai yao ina iliki na mdalasini wa Bahari ya Hindi. Wakongo wametafuta sombe na lenga-lenga, yaani mchicha, hadi wakulima wa jirani wakaona faida ya kuvipeleka sokoni.

Chapati nayo ina la kusema. Ilikuja na Wahindi, wale wa reli iliyojengwa kutoka Mombasa kuanzia 1896 na wale wa maduka waliofuata. Agosti 1972 Rais Idi Amin aliwapa Waasia siku 90 waondoke Uganda. Maduka ya Mbarara na ya Kampala yakabaki bila wenyewe, na familia zilizoishi humo vizazi vitatu zikaondoka na masanduku. Chapati haikuondoka. Leo kijana wa Mbarara huikunja na mayai na kabichi juu ya sufuria bapa la barabarani, akaiita roleksi, na ukimwuliza chakula cha Uganda ni kipi ataitaja miongoni mwa vya kwanza.

Mtoto anayeitwa mkimbizi shuleni na hospitalini, kwenye foleni na kwenye karatasi, ana haki ya kuambiwa mambo haya na mtu anayempenda. Aambiwe kwamba ndizi ilihama, muhogo ulihama, sambaza walihama, na hakuna aliyeomba radhi. Kilichofanya chakula kuwa cha mahali ni watu waliokipanda, waliokipika na waliokigawa hapo.

Kipimo, bei na nyongeza

Soko linafundisha kwa mikono pia, na vyombo vya kupimia vina historia yao. Debe lile la bati analopimia mama mahindi lilianza safari yake kama chombo cha mafuta ya taa yaliyoingizwa na meli, galoni nne kila moja. Mafuta yakiisha, debe halikutupwa: likawa la maji, la pombe, la unga, hadi likawa kipimo kinachotambulika kutoka Lamu hadi Kivu. Uganda ina chombo kingine, tumpeko, kikombe cha bati kilichopakwa rangi ya enameli, kilichopewa jina la kiwanda kilichokitengeneza. Karanga, kunde, dagaa na nsenene hupimwa kwa tumpeko. Muuzaji anakichota, anakijaza hadi kifanye kichuguu, anakipangusa au hakipangusi kulingana na mteja, kisha anatupia konzi moja juu ya mfuko.

Hiyo konzi ndiyo nyongeza. Mtoto anayenunua mwenyewe, akasalimia vizuri na kutaja bei bila woga, mara nyingi hupewa nyongeza kubwa kuliko ya mama yake, na watoto huligundua jambo hilo upesi. Neno lenyewe limeingia hata katika Kiganda na Kinyankole, kwa kuwa desturi yenyewe ni ya masoko yote ya eneo hili. Hakuna sheria ya serikali inayoitaja nyongeza. Ni ya wachuuzi na wateja wao, nayo imedumu chini ya kila paa.

Kwa familia za Nakivale, kujua kununua ni elimu ya lazima. Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, WFP, lilipunguza mgao wa wakimbizi Uganda kwa asilimia 30 Aprili 2020, likafikisha punguzo hilo asilimia 40 Februari 2021, na tangu hapo familia nyingi zimekuwa zikipata kidogo zaidi au kutopata kabisa. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inamruhusu mkimbizi kufanya kazi, kufanya biashara na kutembea, na watu wa Nakivale wameitumia ruhusa hiyo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford walioongozwa na Alexander Betts waliandika mwaka 2014, baada ya kufanya utafiti Kampala, Nakivale na Kyangwali, kwamba wakimbizi wengi wanauza na kununua na wenyeji, na baadhi wameajiri Waganda. Mahindi ya Nakivale hupanda lori kwenda mijini, na sabuni, mchele na mafuta hushuka kutoka Mbarara. Mtoto anayeshuka kwenye taksi kituo cha Mbarara anafuata njia iliyokwisha kanyagwa na magunia ya wazazi wake.

Hata maji ni yaleyale. Mto Rwizi unaopita katikati ya Mbarara, ambao mji unautumia kunywa na kuoshea soko lake, huelekea kwenye mabwawa na maziwa ya Mburo na Nakivale, eneo ambalo mwaka 2006 liliingizwa katika orodha ya kimataifa ya ardhi oevu za Ramsar. Kinachotupwa mtoni Mbarara kina njia ya kufika kwa wavuvi wa Nakivale. Mtoto wa darasa la nne anaweza kuelewa hilo akionyeshwa mfereji wa soko na kuulizwa unakwenda wapi.

Ombi kwa wazazi na walimu

Walimu wa Nakivale na wa Mbarara wana mtaala wenye somo la jamii, na somo hilo lina mada za biashara, usafiri na wageni wa kwanza. Hakuna kitabu kinachozifundisha mada hizo vizuri kuliko safu moja ya vizimba. Safari haihitaji kiingilio. Inahitaji ruhusa ya msimamizi wa soko, kundi dogo la watoto wanane au kumi, na mtu mzima mmoja kwa kila watoto watatu, kwa sababu soko lina ngazi, mikokoteni na visu. Kila mtoto apewe chakula kimoja cha kufuatilia na maswali matatu ya kumwuliza muuzaji: kimelimwa wapi, kimefikaje, na nani alimfundisha kukiuza. Waombe ruhusa kabla ya kupiga picha. Wanunue kitu, hata fungu moja la nyanya, kwa kuwa muda wa muuzaji ni pesa yake.

Mzazi asiyejua kusoma naye asijione hana la kufundisha. Anayejua kuchagua mkungu, kukagua macho ya samaki na kupatana bei amebeba maarifa ambayo mtoto hatayapata darasani, na akiongeza habari ya kijiji alikotoka na chakula kilicholiwa huko, amemaliza somo.

Waende asubuhi, kati ya saa mbili na saa nne. Saa hizo nyama bado imening'inia nzima, samaki hawajaanza kulegea, mikungu ya Isingiro bado inashushwa kwenye lori, na wauzaji wana nafasi ya kujibu maswali ya watoto.